Mbio 7 za Seattle: kumpima Ezekiel Elliott na ukuta wa Dallas, Agosti 2016

Mbio 7, yadi 48. Yaani alibeba mpira mara 7 na kusogea mbele yadi 48. Hayo ndiyo yote aliyoonyesha Ezekiel Elliott katika mechi za kujipima nguvu kabla ya msimu wake wa kwanza NFL, ligi ya futiboli ya Marekani. Mechi mbili za mwanzo alikaa nje kwa sababu ya msuli wa nyuma ya paja, ya mwisho akapumzishwa, ikabaki ile ya tarehe 25 Agosti 2016 ugenini Seattle. Dallas Cowboys walikuwa wamemchukua wa 4 kwenye drafti, zoezi la timu kuchagua chipukizi kwa zamu, akitokea chuo cha Ohio State, na hiyo ilikuwa hatua nzito: mwaka 2013 na 2014 hakuna mkimbiaji, yaani mbebaji wa mpira kama yeye, hata mmoja aliyechaguliwa raundi ya kwanza. Ligi nzima ilikuwa imeshaamini kwamba mkimbiaji mzuri hupatikana hata raundi ya nne. Kwa hiyo kila aliyeitazama mechi ile alikuwa na swali moja: je, thamani iko kwa kijana mwenyewe au kwa watu watano wanaomfungulia njia?

Alama zetu ni hizi. Ukuta, yaani hao wazuiaji watano, 9 kati ya 10. Elliott 8. Mechi yenyewe kama kipimo, 6 tu, na 6 hiyo ni ya ukarimu kwa kuwa mpinzani alikuwa Seattle, timu iliyoongoza ligi kwa kuruhusu pointi chache misimu minne mfululizo, 2012 hadi 2015. Isitoshe, enzi zile mechi ya tatu ya Agosti ndiyo iliyokuwa ikichezwa na vikosi vya kwanza kwa muda mrefu zaidi. Mbio 7 dhidi ya walinzi hao zina uzito kuliko mbio 20 dhidi ya watu ambao wiki moja baadaye watakuwa wanatafuta kazi.

Aliyezoea raga aanze kwa kubadili macho. Katika raga, kumzuia mpinzani asiye na mpira ni kosa. Hapa kuzuia ndiyo kazi yenyewe, na mkimbiaji hupita pale wenzake walipofagia. Ndiyo maana yadi zilizoandikwa kwa jina lake ni takwimu ya watu sita au zaidi, na anayemsifu au kumlaumu mkimbiaji kwa namba hiyo peke yake huwa hajaanza hata kutazama.

Ukuta wa Dallas ulijengwa kwa subira. Pembeni kushoto alikuwa Tyron Smith, wa 9 kwenye drafti ya 2011. Senta, anayesimama katikati na kuanzisha mpira, ni Travis Frederick, wa 31 mwaka 2013. Gadi wa kulia, anayesimama ubavuni mwa senta, ni Zack Martin, wa 16 mwaka 2014. Watatu hao wote ni wa raundi ya kwanza. Gadi wa kushoto alikuwa La'el Collins, ambaye hakuchaguliwa kabisa mwaka 2015, lakini nguvu zake hazikuwa na mashaka. Pembeni kulia alikuwa Doug Free, wa raundi ya nne ya 2007, mkongwe wa kundi na ndiye aliyekuwa rahisi zaidi kushindwa. Alama moja tuliyoukata ukuta inatoka upande wake.

Sasa namna ya kuupima. Kila mbio itazamwe mara tatu, na mara ya kwanza usimtazame mwenye mpira. Tazama hatua ya kwanza ya wale watano senta anapoachia mpira. Dallas walitegemea sana mbio za kanda, yaani kila mzuiaji hashiki mtu maalumu bali hulinda kipande cha uwanja upande mpira unakokwenda. Mbio zikielekea kulia, miguu ya kulia mitano inapaswa kuondoka kwa pamoja, kando na mbele kidogo, mabega yakibaki yameelekea mbele. Mguu mmoja ukichelewa, mlinzi hupenya katikati na mkimbiaji hukutana naye kabla hajafika kwenye mstari ambapo mpira ulianzishwa. Hapo hata bingwa hupoteza yadi mbili, na kosa si lake.

Mara ya pili tazama wawili wanapombana mmoja. Gadi na mzuiaji wa pembeni humsukuma kwa pamoja mlinzi mnene wa mbele, nyonga zikigusana, huku macho yao yakiwa kwa lainibeka, mlinzi wa safu ya pili aliye nyuma yake. Mmoja wao lazima amwache yule wa mbele na kumfuata lainibeka. Akiondoka mapema, mlinzi wa mbele hugeuka na kupita kwenye mwanya ulioachwa. Akichelewa, lainibeka tayari ameziba njia. Muda wa kuachana ni chini ya sekunde moja na nusu, na haufundishiki kwa mchoro ubaoni. Unapatikana kwa watu wale wale kucheza pamoja miezi mingi. Hapa ndipo Frederick alipokuwa na thamani ya pekee. Aliweza kumzunguka na kumshika peke yake mlinzi aliyesimama mbele ya gadi, kazi ambayo senta wengi huomba msaada. Frederick akiimudu, gadi anakuwa huru kwenda moja kwa moja kwa lainibeka. Yadi nyingi za Dallas zilizaliwa hapo, kabla mkimbiaji hajafanya lolote.

Mara ya tatu ndipo umtazame mkimbiaji. Simamisha picha pale anapoguswa kwa mara ya kwanza, uandike amefika yadi ya ngapi. Zilizopatikana kabla ya hapo ziandike kwa ukuta, na zilizofuata ziandike kwake. Hesabu hii si kamilifu, maana mkimbiaji mwenye macho mazuri huchagua njia ambako hataguswa mapema, lakini inazuia makosa makubwa. Andika pia walinzi wangapi wamesogea karibu na mstari kabla ya mpira kuanza. Wakiwa 6 dhidi ya wazuiaji 6, yadi 5 ni kazi ya kawaida. Wakiwa 8, yadi 3 ni za kupongezwa.

Kipo kipimo kingine cha ukuta huu ambacho hakitegemei Agosti hata kidogo: wakimbiaji waliotangulia. Mwaka 2014 DeMarco Murray alibeba mpira mara 392 na kupata yadi 1,845, wastani wa 4.7. Mwaka 2015 Darren McFadden, mwenye umri wa miaka 28 na majeraha mengi nyuma yake, alipata yadi 1,089 kwa mbio 239, wastani wa 4.6, na hiyo ni katika msimu ambao kotabeki Tony Romo, mrushaji mpira na kiongozi wa mashambulizi, alicheza mechi 4 pekee na timu ikamaliza na ushindi 4 na vipigo 12. Wawili tofauti kabisa, wastani karibu sawa. Basi ukuta wenyewe una thamani ya yadi 4.6 hivi kwa kila mbio, awe nani aliye nyuma yake. Elliott alimaliza 2016 na yadi 1,631 kwa mbio 322, wastani wa 5.1, akaongoza ligi nzima. Ukitoa msingi huo, alichokiongeza yeye mwenyewe kwa msimu mzima ni kati ya yadi 115 na 165. Ni nyingi, na kwa mkimbiaji ni tofauti kati ya mzuri na bora. Lakini ziko mbali sana na 1,631.

Linganisha na Ameer Abdullah wa Detroit Lions. Agosti 2015, katika mechi yake ya kwanza ya kujipima nguvu, naye alibeba mpira mara 7, akapata yadi 67. Vichwa vya habari vilijaa. Ukiichambua namba hiyo, mbio moja ilikuwa ya yadi 45, na sita zilizobaki zilitoa 22 kwa jumla, chini ya 4 kila moja. Mbio moja ndefu hutokea walinzi wawili wanapokosea kwa wakati mmoja, na mwezi Agosti makosa hayo ni mengi. Alimaliza msimu na yadi 597, na Detroit wakawa wa mwisho katika ligi kwa yadi za mbio. Kwa hiyo kila mara ondoa mbio ndefu kuliko zote, kisha ugawanye tena. Wastani ukianguka kwa nusu, huna ushahidi bado.

Kuhusu Elliott mwenyewe, mwili ulijulikana: kilo 102 hivi, na yadi 40 kwa sekunde 4.47. Cha kupima kilikuwa subira ya miguu. Katika mbio za kanda ya nje mkimbiaji huanza yadi 7 nyuma ya mstari, hulenga mguu wa nje wa mzuiaji wa pembeni, kisha husoma kofia ya mlinzi wa kwanza kutoka nje kuja ndani. Kofia ikiwa nje, anakata ndani. Ikiwa ndani, anaendelea nje. Mkato ni mmoja tu. Chipukizi wengi hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hukata mapema, kabla lainibeka hajavutwa upande wa mbio, na hapo anamrahisishia mlinzi kazi. Wa pili hukimbilia pembeni kila njia ya kati inapobana, kwa sababu chuoni alikuwa na kasi kuliko kila mtu. NFL walinzi wa pembeni wana kasi ile ile, na mbio ya yadi 2 hugeuka kuwa hasara ya 3. Elliott usiku ule aliichukua njia ya kati hata ilipokuwa nyembamba. Alikutana ana kwa ana na Kam Chancellor, mmoja wa walinzi wa nyuma waliogonga kwa nguvu kuliko wote wa enzi yake, na hakukwepa. Kwa mkimbiaji anayetoka kuuguza paja, hilo lilisema mengi kuhusu utayari wake.

Kumlinda kotabeki ndiko kunakowaweka chipukizi wengi benchi, na takwimu za mbio hazikuonyeshi. Mlinzi wa ziada akivamia, mkimbiaji anatakiwa kutazama kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu anayepita katikati ndiye mwenye njia fupi. Kisha asogee mbele kumpokea karibu na mstari. Akimsubiri miguuni pa kotabeki, hata akimzuia vizuri wataangukia mtu anayepaswa kulindwa. Mikono iwe kifuani pa mpinzani, kichwa juu. Elliott alisifika kwa kazi hii tangu Ohio State, na ndiyo sababu moja ya kumpa 8 badala ya 7. Jaribio la tatu la Dallas kwenye mechi lilionyesha gharama ya nafasi hiyo: Romo alitoka kukimbia, akajitelezesha, Cliff Avril akamwangukia kwa nyuma, na mfupa wa uti wa mgongo ukavunjika. Kosa la Elliott halikuwepo. Lakini kuanzia pale kotabeki aliyesimama mbele yake alikuwa Dak Prescott, chipukizi mwingine, wa raundi ya nne, na timu nzima ikawa inaegemea mbio.

Kwa nini basi mechi tunaipa 6? Kwa sababu mwezi Agosti walinzi hawaonyeshi silaha zao. Hupanga safu ya kawaida, huvamia mara chache, na watu wao wa mbele hawabadilishani njia kwa hila. Wazuiaji wanajua mapema nani wa nani. Septemba 11 New York Giants waliwaweka katikati Damon Harrison na Johnathan Hankins, watu wawili wazito wasiosukumika hata na wawili kwa mmoja, na Elliott akapata yadi 51 kwa mbio 20, wastani wa 2.6. Dallas walifungwa 20 kwa 19. Hakuna lolote la Seattle lililotabiri hilo. Ukuta ule ule, kijana yule yule.

Wiki iliyofuata dhidi ya Washington aliangusha mpira mara mbili, akakalishwa, na mkimbiaji mwenzake Alfred Morris ndiye aliyefunga tachidauni ya ushindi, yaani kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani. Jambo hili linaweza kuangaliwa Agosti, na wengi hawaliangalii: mkono wa mpira. Vidole vifunike ncha ya mbele, ncha ya nyuma ibanwe kwapani, mpira ugandamane na mbavu, kiwiko kisiachane na mwili hata anapokata. Ukiona mwanga kati ya mpira na mbavu, weka alama, hata kama mbio ilikuwa ya yadi 15. Mbio 7 ni chache mno kwa mpira kuanguka, lakini zinatosha kuonyesha tabia ya mkono.

Anayetaka kutumia kipimo hiki leo akumbuke kwamba tangu 2021 mechi za kujipima nguvu ni 3, na makocha wengi huwaweka nje wachezaji wa kikosi cha kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba yoyote, andika majina ya wazuiaji watano waliokuwa uwanjani katika kila mbio na robo iliyochezwa. Mkimbiaji anayeng'ara robo ya nne nyuma ya ukuta wa akiba, mbele ya walinzi wa akiba, mweke kwenye daftari lake la peke yake.

Na mtazame mzuiaji wa sita, yule wa akiba anayesubiri kuingia ukutani. Katika wiki ya tatu dhidi ya Chicago, siku Elliott alipopata yadi 140 kwa mbio 30, Collins aliumia kidole cha mguu. Nafasi yake ikachukuliwa na Ronald Leary, naye pia hakuchaguliwa drafti, mwaka 2012, na alikuwa ameshawahi kuanza pale kushoto misimu ya nyuma. Mbio hazikupungua: yadi 138 San Francisco, 134 dhidi ya Cincinnati, kisha 157 ugenini Green Bay, timu iliyokuwa ikiongoza ligi kwa kuzuia mbio hadi wiki hiyo.