Mkate wa mahindi: kikaango cha chuma au chombo cha bati?

Wanaooka mkate wa mahindi nyumbani hubishana sana kuhusu unga na sukari, ilhali chombo nacho kina uzito mkubwa katika kuamua mkate utakavyotoka. Kikaango kizito cha chuma huingizwa kikiwa kitupu kwenye oveni yenye nyuzi joto 220 hivi, kisha kikishashika moto hutiwa mafuta na kumiminiwa rojo papo hapo. Ukisikia mlio wa kukaangika pembeni mara tu rojo linapogusa chuma, jua kwamba ukoko umeanza kujijenga kabla hata hujaufunga mlango wa oveni. Kwa kuwa chuma hicho hutunza joto kwa muda mrefu, upande wa chini hugeuka kahawia na kukauka vizuri, huku ndani kukibaki laini.

Chombo chepesi cha bati hupakwa mafuta kikiwa baridi, na mkate wake hutoka na ukingo laini. Kinawafaa wanaochanganya unga wa ngano na sukari, kwa sababu sukari huungua upesi kwenye chuma chenye moto mkali. Tena ni rahisi kukiosha, ilhali kikaango kikiachwa na maji hupata kutu.

Mimi huchagua kikaango kila mara rojo lisipokuwa na sukari, kwani unga wa mahindi mtupu, hata ukikorogwa kwa maziwa ya mgando na mayai, hauna gluteni, ile protini ya ngano inayonata, ya kuushikilia, na ukoko huo ndio unaozuia kipande kisimeguke mkononi.