Uzoefu wangu: boti ya faiba ya futi 17 kwa mvuvi wa nyoya, miezi minane baadaye

Nimenunua boti hii ya mtumba hapa Kilifi, na kwa kuwa kila nikishuka diko, pale vyombo vinapoegeshwa, kuna mtu wa kuniuliza "vipi mwalimu, inafaa?", naandika mara moja nipumzike.

Kwanza mjue mimi ni mvuvi wa aina gani, maana chombo kinachonifaa mimi huenda kikakukera wewe. Mimi huvua kwa nyoya. Nilijifunza mbali na bahari, huko Nyeri nilikokuwa nikifundisha, kwenye mito ya Aberdare ambako walowezi walitia samaki wa trauti mwaka 1905. Chambo ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi, haina uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, unaokwenda mbele na nyuma juu ya kichwa chako kabla ya kutua. Anayevua hivi hutaka mambo mawili botini: pa kusimama pale omo, mbele ya chombo, bila kuyumba, na pasiwe na kitu cha kunasa mshipi uliolala miguuni. Na mshipi huo hunasa kila kitu: kamba ya nanga, kichwa cha skrubu, hata kidole gumba cha mguu.

Ndiyo sababu sikununua mashua ya mbao. Nazipenda, nimezaliwa nikiziona, lakini mataruma, zile mbavu za ndani, na viti vyake vingenitesa. Hii ya faiba ina tumbo bapa na omo iliyosakafiwa, kama futi tano hivi za sakafu tupu. Nikisimama ukingoni huinama kidogo tu. Nilitoa Sh410,000 pamoja na injini ya hospawa 15, ile ya kuchanganya oili na petroli.

Sasa uchungu. Aliyeniuzia alisema chombo hakina shida hata moja, nami nikatazama rangi. Rangi ilikuwa nzuri. Wiki ya pili fundi alipanda, akashika injini, akaitikisa mbele na nyuma, na ule ubao wa tezi, nyuma ya chombo inapofungwa injini, ukatikisika nayo kama jino bovu. Ndani ya faiba huwekwa mbao za plaiwudi. Mtu akitoboa tundu la skrubu asilizibe vizuri, maji huingia taratibu na mbao huoza huku nje panang'aa. Kuufumua na kuujenga upya kulinichukua wiki tatu na Sh46,000. Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua, chukua mpini wa bisibisi ugonge tezi yote na sakafu yote. Penye uzima pana mlio mkali, palipooza panajibu bubu. Halafu tikisa injini mwenyewe, tena kwa nguvu, muuzaji anune akitaka. Boti yenyewe naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ule ubao.

Injini sina la kusema, inawaka. Hata hivyo kwa uvuvi wangu injini ni ya kufikia tu. Ndani ya hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kwenye maji ya magotini karibu na mikoko, ukiiwasha umeshawaaga samaki. Hapo ndipo nilipojua thamani ya pondo, ule mti wa kusukumia chombo. Mzee mmoja wa diko alinichongea moja refu kunipita mara mbili, na mpwa wangu husimama tezi akisukuma polepole mimi nikiwa omo na fimbo. Boti ni nyepesi, inaelea kwenye maji ya shubiri mbili, na pondo halipigi kelele kama kasia. Mshipi nimeupatia dawa: naukusanya ndani ya beseni la kufulia. Mke wangu alilitafuta siku mbili.

Saa nzuri ni maji yakianza kujaa, hasa siku za bamvua, maji makubwa, kolekole wanapopanda na maji kuwafukuza mkizi wadogo hadi kwenye mizizi ya mikoko. Kusi, upepo wa kusini, likivuma sana nakaa nyumbani. Upepo ukikujia upande wa mkono unaorushia, ndoana hutafuta sikio, na langu limeshatafutwa.

Haya, jina. Chombo kilikuja kimeandikwa TAWAKAL, na nilipotaja kukipaka upya, mama akaniuliza kama nimeacha kumtegemea Mungu au vipi. Sikuwa na jibu. Nikaliacha pale tezi kwa ndani, palepale lilipo, mbele nikabaki na nafasi tupu.

Jina jipya lilitoka kwenye mambo mawili. Kuna ofisi niliyokwenda kubadilisha karatasi za umiliki. Mara tatu nilifika, mara tatu nikaambiwa rudi kesho. Na mimi samaki wengi huwa nawarudisha majini. Wavuvi wa diko hawajanisamehe hilo. "Mwalimu, petroli yote hiyo, halafu unamwachia?" Asubuhi moja mpwa wangu alikuwa ameshika kolekole wa kama kilo tatu, anamnyoosha majini apate nguvu, nami nikamwambia yule samaki, bila kufikiri, "haya, rudi kesho." Kijana akacheka hadi pondo likamponyoka, tukalifuata kwa mikono.

Basi ikawa RUDI KESHO. Mama amelikubali kwa sharti kwamba kabla ya kushua chombo majini uchomwe ubani, isomwe dua na watoto wa mtaa wale wali, na kila Ijumaa arudishiwe nyumbani samaki mmoja asiyeambiwa arudi kesho. Sharti ninalitimiza, ingawa Ijumaa mbili samaki alitoka sokoni.

Mwandishi wa maandishi alianza na herufi kubwa za kupendeza, upande wa kulia nafasi ikamwishia. Kutoka ng'ambo ya hori chombo changu kinasomeka RUDI KESH, na ile O imekaa juu peke yake kama boya. Wenzangu diko wanauliza nadai keshi ya nani. Nimempigia simu aje airekebishe. Amesema kesho.