Tuisheni ya barazani Mpendae, kwa mama wenzangu munaotoka alfajiri mukarudi usiku

Asalam alaykum wenzangu. Nimeulizwa sana kuhusu hii tuisheni ya mwalimu mstaafu wa Mpendae, hapa mjini Unguja, na kila nikijibu kwa voisi inakua ndefu mpaka naona tabu, basi bora niandike mara moja wote musome. Jina lake na namba yake siweki hapa, mwenyewe hataki kutangazwa, lakini ukifika mtaani ulizia baraza wanaposomea watoto utaonyeshwa, hakuna asielijua.

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli upande wa Kiwengwa. Gari ya stafu inatupitia alfajiri watoto bado wamelala na nikirudi ni baada ya Isha, na msimu wa wageni wengi ule wa Julai na Agosti ndo usiseme. Wanangu wawili, mkubwa msichana yuko darasa la tano anaingia mchana, mdogo darasa la tatu anaingia asubuhi, yani mmoja akitoka skuli mwengine anaingia. Wenye watoto skuli za mikondo miwili munajua navosema. Hizi skuli za ghorofa zinazojengwa zimepunguza tatizo kwa wengi lakini kwetu bado, kwa hiyo kitu cha mwanzo nlichokipenda kwa huyu mwalimu ni kuwa anafundisha makundi mawili, asubuhi saa 3 mpaka saa 5 kwa wanaoingia mchana na jioni baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi kwa waliosoma asubuhi. Na siku za chuoni, chuo cha Kurani, anaziheshimu, hagombanii muda na mwalimu wa chuo, wa jioni wakiwa na chuo wanapangiwa siku zao.

Sasa nije kwenye lile linalotuumiza wengi. Grupu la wazazi wa darasa linalia saa 8 mchana, homuweki ya hesabu, ukurasa fulani, kesho asubuhi ikusanywe, mimi nina wageni mbele yangu wameshuka kwenye ndege wamechoka wanataka vyumba. Roho inanisuta pale pale. Ukirudi nyumbani unasikia maneno, eti hela zinaletwa lakini mtoto nani anamsomesha, na sisi wa mahotelini tunavosemwa ndo zaidi, kama vile mtu anakwenda kustarehe. Baba yao dereva, nae anatoka asubuhi anarudi usiku, hajaulizwa hata siku moja kama mtoto kafanya homuweki. Anaeulizwa ni mama tu. Na hii kazi ya wanawake haijaanza leo jamani, mama yangu mzazi kalima mwani Paje tokea kilimo kile kilipoanza kibiashara mwaka 1989, bamvua likifika hakuna cha mtoto ana mtihani, maji yakitoka anateremka pwani na wenziwe, na hela ile ile ya mwani ndo iliyotununulia sare na mabuku. Hakuna alomwambia katelekeza watoto. Sijui kwa nini sisi tunaambiwa.

Kabla ya hapa watoto walikua wanakwenda tuisheni nyengine, kubwa, jina silitaji. Chumba kimoja watoto wamejaa, mwalimu anaandika masuali ubaoni, anaandika na majibu, watoto wananakili. Homuweki ikirudi imejaa tiki nyekundu kurasa zote na mimi moyo unatulia, halafu mtihani wa skuli ukija mtoto hajui kitu. Ile ndo biashara mbaya kuliko zote kwa mama mwenye kazi, kwa sababu unauziwa utulivu wa moyo, husomeshewi mtoto, na wewe huna muda wa kukaa kuhakikisha.

Huyu wa Mpendae kafanya kinyume na ndo maana nampa sifa. Siku yangu ya ofu nlikwenda nikakaa pembeni ya jamvi nikamuangalia anavomfundisha mwanangu mkubwa. Kamuandikia suali kwa Kiingereza, mkulima ana pishi 12 za karafuu, kauza theluthi, zimebaki ngapi. Mtoto kaandika 9 haraka haraka. Mwalimu hakusema umekosa, hakufuta, kaizungushia ile 9 duara kwa kalamu nyekundu akamwambia nichoree hizo pishi. Kachora viduara 12. Haya nisimulie kwa Kiswahili nini kimetokea. Mtoto anasema kauza tatu. Mwalimu akamuuliza, kauza pishi tatu au kauza fungu moja katika mafungu matatu? Kimya. Mtoto akaviangalia viduara vyake, akazungushia vinne, vinne, vinne, akalikata fungu moja, akahesabu, 8. Alicheka mwenyewe! Mwalimu akanigeukia akaniambia, mwanangu huyu kugawa anajua vizuri sana, kinachompa tabu ni kulisoma suali mpaka mwisho, Kiingereza kinamtisha anakamata namba zile anazoziona anatoa.

Yani nlikua naamini mwanangu hesabu hazimo. Na hili ni la watoto wengi, sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ndo ilioleta hesabu na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, mtoto kasoma miaka minne kwa Kiswahili halafu somo lile lile linamgeukia, na umri ule ndo mzazi anaona kashakua mkubwa ajitegemee. Kama mtoto wako alikua anafanya vizuri mpaka darasa la nne halafu akashuka ghafla, usimpige wala usimwite mvivu, mpe suali lile lile kwa Kiswahili kwanza uone.

Kitu chengine, na kwangu mimi hiki ndo kikubwa, ni buku dogo. Kila mtoto ana buku dogo la kwenda nyumbani, mwalimu anaandika mistari miwili tu, leo kakwama wapi, na mzazi afanye nini. Na kile anachoniambia nifanye ni cha dakika chache, mtu aliechoka anakiweza. Mfano aliniandikia, "msikilize akisoma suali la 4 kwa sauti, asilifanye, akueleze tu linataka nini." Basi nampigia simu nikiwa ndani ya gari ya stafu, tukifika Mahonda mtandao unakua mzuri, ananisomea, ananieleza, nikifika nyumbani naangalia buku natia saini. Wenzangu garini washazoea, wengine wanasaidia kujibu. Mdogo nae ananisomea hadithi fupi kwa Kiswahili, akiruka neno namwambia rudi. Mimi sasa najua wanangu wanasoma nini na wamekwama wapi, kuliko hata miezi ile nlipokua nyumbani kutwa na mkubwa wakati ule yuko skuli ya maandalizi.

Bei ni 15,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, wawili nalipa 25,000, unalipa mwanzo wa mwezi. Si rahisi kwa kila mtu najua, lakini haongezi pesa za mitihani wala za fotokopi kama kwengine.

Kasoro zipo na nitazisema, na yeye nishamwambia ana kwa ana. Masika baraza halifai, mvua ya upepo inaingia, watoto wote wanahamia ukumbini kwake na pale wanabanana, kelele, ule umakini wa mtoto mmoja mmoja unapotea. Pili, mtihani wa darasa la sita ukikaribia wakubwa wanachukua muda wote wake na wadogo wanapewa kazi ya kuandika tu, mwanangu wa darasa la tatu kanung'unika na ana haki, nae kalipiwa. Mwalimu alinisikiliza akasema atamtafuta mwalimu kijana wa kumsaidia, sijamuona bado. Tatu, mtoto akichelewa anarudishwa nyumbani. Hili silikubali kabisa. Mtoto wa mama aliepo nyumbani anachelewa kwa sababu ya kucheza, mtoto wangu anachelewa kwa sababu shangazi yake aliokua ampeleke kachelewa sokoni Kwerekwe, anahukumiwa kwa kosa la watu wazima. Ningeomba angalau amuweke pembeni asikilize. Sayansi hafundishi, hesabu, kusoma na Kiingereza tu, na Ramadhani anafunga mwezi mzima, kwa hiyo jipangeni mapema.

Na kama unataka mwanao akaririshwe mitihani iliyopita ili apate skuli za vipawa au michepuo, zile zinazochukua waliofaulu zaidi, basi hapa si pahala pake, zipo tuisheni za kazi hiyo na zimejaa. Huyu anakwenda taratibu. Mwezi wa mwanzo nlikua sioni mabadiliko kwenye alama, nliyaona kwenye mtoto, kaacha kulia ikitajwa hesabu. Alama zilikuja baadae, na si za ajabu, lakini sasa ni zake mwenyewe.

Kuna mambo tuisheni haiwezi kuyatatua nisiwadanganye. Mikutano ya wazazi bado inaitishwa siku za kazi asubuhi na mimi bado naikosa, na siku ile nikiona picha za mkutano kwenye grupu naumia vile vile. Walimu wetu wa skuli kama munasoma hapa, tunaomba hata mara moja kwa muhula iwe Jumamosi au Jumapili, wapo mama wengi wa mahotelini, wa hospitali, wa sokoni, tutakuja, tena tutajaa. Na mabosi nao, mtu akiomba ruhusa ya saa mbili kwenda skuli ya mwanawe asiangaliwe kama kaomba harusi.

Kwa ujumla nampa nyota 4 kati ya 5, hio moja imekwenda kwa kurudisha watoto na kwa wadogo kusahauliwa wakati wa mitihani.

Wanaotaka kwenda, nafasi si nyingi maana anakataa kujaza, anachukua kuanzia darasa la tatu. Nenda mwenyewe na mtoto siku yako ya ofu, usimtume dada wa kazi, anataka kumuona mzazi japo mara moja. Na chukua buku la hesabu la mtoto, lile lenye makosa, ripoti ya skuli iwache nyumbani, hata haiangalii.