Tigerloop kwenye boila ya mafuta: usinunue kabla ya geji

Habari zenu wapendwa. Mkononi ninayo Tigerloop, kile kikopo cha Sweden kinachofungwa kando ya boila ya mafuta, ile inayopasha nyumba joto. Nyie mlioko Maine, Marekani, hasa Portland na Lewiston, mmeniuliza sana: kinaponya boila inayozimika usiku wa baridi?

Kazi yake ni moja tu, kutoa hewa kwenye mafuta. Bomba moja linatoka kwenye tangi, mipira miwili inaunganishwa na pampu. Pampu huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa; yanayobaki yanarudi kwenye kikopo, hewa inajitenga juu na kutoka, mafuta yanavutwa tena. Kama tangi lako liko chini kuliko pampu, kitu hiki ni kizuri mno, na lile bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi hulihitaji tena.

Ila aliyeendesha Fuso la dizeli anajua: likivuta upepo kwa sababu bomba limelegea, utatoa upepo leo na kesho. Tigerloop itaificha hewa hiyo, mwanya utabaki. Na filta ikiziba, haina la kufanya.

Kwa hiyo angalia kwanza kama tangi lina mafuta kweli, maana kile kipimo cha kuelea hukwama. Halafu fundi afunge geji ya vakyumu kwenye pampu, ile inayoonyesha pampu inavuta kwa nguvu kiasi gani. Kwa mfumo wa bomba moja, mshale ukipita inchi 6 za zebaki (kipimo cha vakyumu) kuna mahali mafuta yanakwama: filta, valvu, tope, au tangi la nje ambalo mafuta yake yameganda kwa baridi. Ndiyo maana matangi ya nje hutiwa mafuta ya taa au mchanganyiko. Mshale ukiwa chini na povu linatoka, hewa inaingia kwenye maungio. Fundi akitoa utepe wa Teflon wa kuzibia maungio, mwambie aurudishe mfukoni, haufai kwenye bomba la mafuta.

Kile kitufe chekundu cha kuwasha boila upya nacho, bonyeza mara moja, basi! Kila ukibonyeza mafuta yanajaa kwenye chumba cha moto. Siku yakishika, ni mlipuko na masizi nyumba nzima.

Ukifunga Tigerloop, plagi ya baipasi, kile kiskrubu kinacholazimisha mafuta yanayobaki yatoke kwa mpira wa kurudi, lazima iwekwe kwenye pampu. Ukiiondoa Tigerloop na kurudi kwenye bomba moja hadi pampu, plagi itolewe, la sivyo sili ya pampu itapasuka.

Tangi liko juu ya pampu na povu hakuna? Nunua filta mpya, hela nyingine kaa nayo.