Mikeka ya mafunjo chini ya mabati: nimekoma, ila sijui

Anayeishi chini ya mabati hapa Kisumu sihitaji kumweleza joto la saa nane mchana. Ndiyo maana nilitafuta mafunjo, ile mimea mirefu ya kinamasini. Bua lake lina nyama nyeupe nyepesi iliyojaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Likisukwa mkeka mnene na kupigiliwa chini ya paa, mwanya ukiachwa kati yake na mabati, nyumba inapoa bila feni. Sharti moja tu: liwe limeanikwa likakauka. Kabisa!

Ya chumbani yaliletwa yakiwa bado na unyevu. Niliyagusa, nikauliza. Fundi akasema ni umande wa asubuhi. Umande gani huo wa mpaka saa tisa? Akapigilia, akaenda zake. Mvua ndefu hazijakolea, dari ikaota madoadoa meusi, harufu ya nguo mbichi ikaingia mpaka kwenye mito.

Nikamfuata mwenye biashara. Alikuwa anakula. Nikamwonyesha picha, hakunawa hata mkono ashike simu. Akaniambia, mbele ya wateja: "Mama, si ulitaka kitu cha asili? Sasa unalalamikia asili?" Watu wakacheka. Akarudi kwenye samaki wake, akifyonza kichwa taratibu kana kwamba nimeshaondoka. Mimi mtu mzima, nina wajukuu, nimesimama pale na simu yangu kama mwombaji.

Nyota sifuri.

Lakini nisiseme uongo. Mikeka ya sebuleni, ambayo nadhani ilitoka kwenye mzigo wa zamani, ni mikavu na haijapata doa. Mchana pale panakalika, na mvua ikipiga bado nasikia taarifa ya habari, jambo ambalo mabati matupu hayajawahi kuniruhusu. Wageni wanaisifu, nami naitikia huku roho inaniuma. Basi mafunjo nayapa nyota nne. Tatu, maana makavu yanashika moto haraka, na hakuna aliyenishauri nyaya za umeme zipitishwe kwenye mabomba kwanza. Hilo nimeambiwa na jirani.

Ya chumbani nimeyang'oa. Nitaweka mengine, nikinunua kwa akina mama wa Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, wanaosuka wenyewe, na nitayaanika uani kwangu mpaka niridhike. Yule bwana ananidai salio. Aje alichukue, nitakuwa nakula.