Kiboksi cha kujichongea kiko: laki nzima kwa kipande cha kuni?

Mbukwenyi wadau, karibuni, leo niko uani kwangu hapa Nkuhungu na mkisikia upepo unavuma kwenye maiki mnisamehe tu, Dodoma hii mwezi wa nane ukisubiri upepo utulie hutorekodi kitu. Leo nachambua hiki kiboksi cha kujichongea kiko, kile cha tumbaku, na kabla hamjaanza kunishambulia mi mwenyewe sivuti, tumbaku inaua na kama hujafika miaka 18 hii video sio yako. Nilikuwa natafuta kazi ya mikono ya jioni initoe kwenye simu, alafu babu yangu kule Mpwapwa kiko chake kimepasuka amekifunga na waya, nikasema ngoja nimchongee kipya.

Sasa ndani ya boksi kuna nini. Kipande cha mbao hiki hapa, mdomo mweusi huu, na karatasi ya maelekezo. Basi. Imenitoka kama laki na kumi mpaka kinanifikia mkononi, nauli na ushuru humo humo, na nilivyofungua wife akaangalia akaniuliza, "Laki nzima kwa kuni?"

Swali la haki kabisa. Ila ngoja nigeuze mwone juu hapa. Tundu hili kubwa ndo la kuwekea tumbaku, upana kama milimita 19 hivi, na huku pembeni kwenye shingo kuna tundu jembamba la moshi, milimita 4 haizidi. Haya matundu mawili yanakutana chini kabisa, katikati ya sakafu ya bakuli, na hapo ndo pesa yako ilipoenda. Mbao sio ishu, unanunua matundu.

Najuaje? Kwa sababu nilijifanya mjanja. Kabla ya hiki kiboksi nilichukua kipande cha mpingo kwa fundi seremala mmoja, mabaki tu, nikakibana kwenye jiliwa nikatoboa na drili ya mkononi kwa macho, aisee. Oneni hii, nikichomeka waya kwenye shingo unatokea hapa, karibu milimita 6 juu ya sakafu. Maana yake tumbaku ya chini ya tundu hewa haiipitii vizuri, itabaki mbichi imelowa maji maji kila siku. Na ukikosea kwa kushuka ndo mbaya zaidi, unakula sakafu mpaka inabaki nyembamba, siku moja inaungua inatoboka. Kwaiyo kama huna drili ya kusimama na keekee ndefu iliyonyooka, nunua kilichotobolewa tayari, usibishane na mimi.

Mbao yenyewe wanaita braya, sio shina, ni kile kinundu cha kwenye mizizi ya kichaka kinaitwa Erica arborea, wanavichimba huko pwani za Mediterania, wanavichemsha masaa mengi alafu wanavikausha miezi na miezi, ndo maana kinavumilia moto. Na cha kushangaza huo mmea hata Kilimanjaro upo, ila ni hifadhi ile, asije mtu akaenda na jembe akasema nilimtuma mimi. Tena sisi na viko sio wageni, kule Sinya mpakani na Amboseli lilichimbwa jiwe jeupe jepesi la kutengenezea viko, mershamu, na Arusha palikuwa na kiwanda kinachovitengeneza vikauzwa nje kwa jina hilo hilo la Kiko.

Haya, kazi. Nilichora umbo ubavuni kwa penseli, nikakata makona kwa msumeno wa chuma, alafu tupa. Sheria ni moja, ukuta wa bakuli usipungue milimita 5, mi nilikuwa natia kidole gumba ndani kidole cha shahada nje nabinya kila baada ya muda kama mtu anayepima embe. Baada ya tupa msasa, namba 80, 120, 220, 400, nikamalizia 600. Kufika 220 lowesha kidogo na kitambaa, nyuzi za mbao zitasimama kama vinyweleo, acha pakauke piga tena msasa. Mask vaeni jamani, na kwa mpingo ndo usithubutu bila mask, lile vumbi mi lilinifanya nipige chafya mpaka usiku.

Kosa nililofanya, mnaona huu mwanya hapa shingo inapokutana na mdomo? Nilisugua shingo peke yake nimeuchomoa mdomo, ile kona ikawa mviringo, kuurudisha haukai sawa. Vichomeke vyote viwili, sugua kwa pamoja kama kitu kimoja. Ila lawama zote sio zangu, mdomo wenyewe ulikuja umekaa upande kidogo, nimemwandikia muuzaji wiki ya pili hii kimya. Mdomo ni ebonaiti, mpira mgumu, ukiusugua unanuka kama njiti ya kiberiti. Nilitaka uiname kidogo nikauzamisha kwenye maji yanayochemka na waya mwembamba ndani tundu lisizibe, nikaupinda taratibu nikautia maji baridi. Ulikubali.

Vanishi usipake, inababuka kwa joto. Mi nimetumia nta ya nyuki ya Manyoni, kidogo tu, nikasugua na kitambaa cha fulana mpaka ikang'aa. Na ndani ya bakuli maelekezo yanasema upake mkaa uliosagwa na mtindi, nikachukua mkaa wetu nikatwanga nikauchekecha na kitambaa, nikachanganya na maziwa mgando kijiko kimoja, nikapaka nikaacha siku nne. Tundu la moshi lichomekwe kitu wakati unapaka lisizibe. Wife alipoona maziwa yake mgando yamefanyiwa nini, hapo nakata, haimo kwenye video.

Kwaiyo, laki na kumi. Kwa anayeanza nakipa saba kwa kumi, mbili nimekata kwa ule mdomo, moja kwa ile karatasi ya maelekezo yenye picha ndogo kama stempu. Cha pili sitonunua, nimeongea na fundi mwenye drili ya kusimama, atanitobolea mwenyewe na huku tuna mbao zetu.

Jumamosi nimepeleka Mpwapwa. Shikamoo babu, marahaba, akakipokea akakizungusha, akakinusa mdomo.

"Mti gani huu?"

Nikamwelezea mizizi, Mediterania, kuchemsha masaa mengi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mpingo uliisha?"

Nikatoa ule wa kwangu wenye tundu lililopotea, nikamwambia huo umeharibika babu, hauvutiki. Akauangalia, akachungulia tundu, akautia mfukoni wa koti. Cha laki na kumi ndo hiki nimerudi nacho.