Kisahani chini ya mto: miezi mitano na king'ora cha moshi cha binti yangu

Binti yangu ana miaka 11, ni kiziwi, na akishavua shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, usiku hata ukigonga sufuria kichwani pake hageuki. King'ora cha kawaida cha moshi tunacho tangu tuhamie hapa Tabata. Kinalia desibeli 85 ukiwa mita tatu. Mtaa mzima utaamka, yeye atalala. Ndiyo maana wifi yangu wa Leicester, Uingereza, alipouliza alete zawadi gani, sikuomba viatu, niliomba king'ora cha moshi cha viziwi.

Seti ina vipande vitatu: kitambuzi cha darini, kiboksi cha mezani chenye taa kali inayomweka, na kisahani cha duara chenye waya. Moshi ukiingia, kitambuzi hutuma mawimbi ya redio kwa kiboksi, taa inamweka na kisahani kinatetemeka. Plagi yake ni pini tatu bapa, imeingia kwenye soketi zetu bila adapta.

Nilidhani taa ndiyo ya maana. Wapi! Nilimvizia usiku wa manane mara tatu bila kumwambia. Mara ya kwanza taa peke yake: alivuta shuka usoni akaendelea na safari yake. Mara ya pili kisahani nilikiweka chini ya godoro, kwa kuwa mto wake huzurura. Godoro la sponji la inchi nane likameza mtetemo wote. Mara ya tatu nilikitia ndani ya foronya na kuifunga kwa pini. Sijahesabu hata tano, ameshakaa kitako ananiuliza kwa alama, "Nini tena?"

LUKU iliisha usiku mmoja na betri ya akiba ikashika hadi asubuhi. Hapo natoa maksi zote. Lakini mama mkwe akichoma udi sebuleni, mtoto anaruka. Siku hizi udi unachomwa barazani. Jikoni kitambuzi msikiweke kabisa, na msidhani kinanusa gesi. Maelekezo nayo ni Kiingereza kitupu, ikabidi nimchoree.

Kilichonishtua hakimo kwenye boksi. Jaribio la nne nilimwachia atoke mwenyewe. Alifika mlangoni haraka, akasimama. Mlango una grili na kufuli, madirisha yana nondo, na ufunguo nalala nao mimi! Sasa unaning'inia kwenye msumari, kimo chake yeye, na tochi pembeni, maana gizani haoni mikono yangu ikiongea. Tumepatana pia alama ya kugusa: nikimgonga bega mara mbili, toka, usichukue kitu. 114 ya zimamoto hawezi kuipigia, kwa hiyo kazi yake ni kugonga kwa mama jirani, ambaye tumeshamweleza.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya bei, pauni mia na hamsini, wakati Uingereza vikosi vingi vya zimamoto humfungia kiziwi vifaa hivi bure nyumbani kwake. Nilizunguka Kariakoo kutwa nzima nikitafuta cha pili kwa ajili ya mtoto wa shoga yangu. Nilichopata ni kengele ya mlango yenye taa, na muuzaji akaniapia kuwa ni kitu kilekile.